Ziara ya miguu ya Burundi hapa Arusha mjini: hela yangu haikwenda bure ila ile ramani waibadilishe

Naanza na bei maana najua ndo wengi mnaitafuta. Mtanzania ni sh 40,000 kwa kichwa, wageni wana bei yao na wala sikuuliza ngapi, humo ndani kuna maji ya chupa, chakula cha mchana na maneno ya karibu nusu siku. Usafiri haumo. Mnatembea kwa miguu na kule mwishoni mnapanda daladala kwa nauli yenu wenyewe, kitu ambacho hatukuambiwa wakati wa kulipia na shemeji yangu alinuna, sio kwa ajili ya hela, ni kwa vile tulikuja kuambiwa tukiwa tumeshakaa kwenye siti na konda kashanyoosha mkono. Jina la wenye huduma silitaji kwasababu nina ya kuwasema na mji wetu huu mdogo, sipendi tuanze kukwepana sokoni.

Sasa huduma yenyewe iko hivi. Kijana anawatembeza Mnara wa Saa, AICC (kile kituo cha mikutano ya kimataifa), mnakula, halafu mnaishia makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na njia nzima haongelei Arusha, anaongelea Burundi. Ndio, Burundi. Nchi imekaaje, inatawaliwaje, watu waliuana kwa sababu gani na ilikuwaje wakaja kupatanishwa huku kwetu kwenye baridi. Kwenye mji ambao kila chalii mwenye kofia anakuuliza unaenda Ngorongoro lini, mtu kukaa akabuni kitu kama hiki mimi kilinifurahisha kabla hata sijatoa hela.

Nilienda na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu wa Kasulu aliyekuja kututembelea, pamoja na wadogo zangu wawili wako kidato cha nne na historia inawasumbua. Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya zamani. Enzi za yale mazungumzo nilikuwa binti nafanya kazi steshenari moja hapa mjini, wajumbe wa Burundi walikuwa wanakuja kutoa kopi, makaratasi ya Kifaransa matupu, suti nzito, wanalipa bila kuomba punguzo, tulikuwa tunawagombania. Walichokuwa wanabishania humo ukumbini hakuna aliyetuambia, na sisi tulichojua ni kwamba vyumba vya kupanga vimepanda bei na mahoteli yamejaa.

Pale Mnara wa Saa tulipoteza muda. Ile habari kwamba pale ndo katikati ya Kairo na Cape Town ambayo kila anayekushika mkono pale anakupa bure, huyu nae akatupa kwenye hela tuliyolipia. Ila hapo hapo akafanya jambo moja la maana sana, akatuuliza Mandela alikuja Arusha kufanya nini. Wadogo zangu wakajibu kwa pamoja: Rwanda! Akacheka, akasema hilo ndo jibu analopewa na karibu kila mtu wa hapa. Akatutenganishia taratibu. Mkataba wa Arusha wa Rwanda ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993, ukavunjika vibaya, yakaja mauaji ya kimbari, na ile mahakama ya UN iliyokaa AICC mpaka mwisho wa 2015 ilikuwa ya kesi za Rwanda. Mkataba wa Arusha wa Burundi ni mwingine kabisa, tarehe 28 Agosti 2000, na huo ndo wa Mandela. Jengo moja, majirani wawili, mikataba miwili yenye jina la mji wetu, si ajabu watu wanachanganya.

Halafu akatoa ramani. Hapa sasa nna la kusema.

Ramani yenyewe ni karatasi imepigwa plastiki, kona moja imeshikwa na selotepu, na ni ya zamani. Nyota ya mji mkuu iko Bujumbura wakati mji mkuu wa kisiasa ulihamishiwa Gitega tangu 2019, Bujumbura ikabaki ya biashara, kama sisi na Dodoma na Dar tu. Mikoa imechorwa 18 wakati saivi wamebakisha 5, waliipunguza kwa sheria ya 2023 na uchaguzi wa 2025 ukafanyika kwa mikoa mipya. Kijana anajua yote hayo, anayasema kwa mdomo, sasa mtoto wa shule anaangalia kipi, mdomo au karatasi? Nikamwambia mdogo wangu hii ukaichore kwenye mtihani utarudi na sifuri. Kijana akajibu kwa heshima "mama nimekuelewa, tutaprinti nyingine". Kuprinti A3 ya rangi mjini hapa ni shilingi ngapi jamani.

Ila maelezo ya jiografia mwenyewe nimeyapenda, sikuwahi kuelezwa hivyo shuleni. Burundi ni kilomita za mraba 27,834, yaani mkoa wetu wa Arusha peke yake ni mkubwa kuliko nchi hiyo nzima, lakini sisi sensa ya 2022 tulikuwa milioni 2 na laki 3 na ushee na wao wamepita milioni 12. Bahari hawana. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika na bonde la mto Rusizi, kuna joto, ndo iliko Bujumbura, halafu ghafla nchi inapanda juu milimani, mlima Heha unakaribia mita 2,700, kisha inaanza kushuka polepole kuja mashariki mpaka inagusana na sisi kule Kigoma na Ngara. Akatuonesha kitu kwa kidole: mvua ikinyesha upande huu wa mgongo wa milima maji yanaingia Ruvubu, yanakwenda Kagera, Ziwa Victoria, Naili, mpaka Misri. Ikinyesha upande ule yanashuka Ziwa Tanganyika na kutokea huko mpaka mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mdogo wangu wa kike akauliza kwahiyo mtu mwenye nyumba juu kabisa ya kilima bati lake upande mmoja linakwenda Misri na mwingine Kongo? Kijana akasema ndiyo. Hilo swali nadhani ataanza kulitumia kwa wateja wengine.

Na watu hawakai vijijini kama tulivyozoea, wanakaa wametawanyika kwenye vilima, kila familia na migomba yake na kahawa yake na maharage, na kilima ndo kitengo cha chini cha serikali. Ardhi ndogo, watu wengi, mtu anayerudi kutoka ukimbizini anakuta shamba la babake analima mwingine. Shemeji akaingilia hapo, akasema hilo ndo jambo walilokuwa wanalisema wakimbizi wote aliokua nao, sio kabila, shamba.

AICC hatukuingia ukumbini. Niliambiwa wakati wa kulipia kwamba "tunatembelea AICC" nikajua tutaona ukumbi, kumbe ni kukaa nje kwenye bustani mkiangalia majengo. Mle ni maofisi na mikutano, hawawezi kuwaacha watu wazurure, naelewa, lakini wangesema mapema. Tukakaa kivulini na hapo ndo penye thamani ya hela yote.

Anaanza na ufalme. Burundi ilikuwa na mwami wake karne nyingi kabla ya mzungu, mipaka yake sio ya kuchorwa mezani Berlin kama ya kwetu. Wajerumani wakaiweka kwenye koloni moja na Tanganyika, vita ya kwanza Wabelgiji wakaichukua 1916 na kuitawala pamoja na Rwanda. Mbelgiji alitawala kwa kupitia machifu, na machifu akawataka wawe wa aina moja, Watutsi na watu wa ukoo wa kifalme, wale Wahutu, ambao ndo wengi nchini, waliokuwa na nyadhifa akawaondoa. Kisha anakuja Rwagasore, na hapa kijana anabadilika sauti kabisa. Mtoto mkubwa wa mfalme, ana mke Mhutu, chama chake UPRONA kinachanganya watu wote, anashinda uchaguzi Septemba 1961, anakuwa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba 1961 anapigwa risasi akiwa anakula chakula cha usiku hotelini kando ya ziwa, ana miaka 29. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, waliomtuma ni wapinzani wake wa kisiasa. Uhuru ukaja 1 Julai 1962, siku moja na Rwanda, mtu wa kuwaunganisha hayupo.

Kijana akanyamaza pale dakika nzima. Ni mbinu, najua, lakini imefanya kazi.

Baada ya hapo inakuwa ni mfululizo wa bunduki. Waziri mkuu mwingine anauawa Januari 1965. Mwaka 1966 mtoto anampindua baba yake mfalme na miezi michache baadae nahodha Micombero anampindua mtoto, ufalme kwisha. Micombero akapinduliwa na Bagaza 1976, Bagaza akapinduliwa na Buyoya 1987 akiwa mkutanoni Canada. Na sasa sikilizeni hii maana hata shemeji hakuijua: hao maraisi wote watatu wanajeshi, Micombero, Bagaza na Buyoya, wametoka tarafa moja ya Rutovu, kule kusini kwenye uliokuwa mkoa wa Bururi. Na Rutovu hiyo hiyo ndo kuna kile kipiramidi kidogo cha mawe wanachosema ni chanzo cha mto Naili cha kusini kabisa. Kijana anaweka kidole kwenye ramani yake mbovu, anasema hapa pametoka maji ya Misri na hapa pametoka miaka karibu thelathini ya utawala.

Kuhusu 1972 niseme kidogo zaidi kwasababu ndo sehemu ambayo mtu wa Tanzania inamhusu bila kujua. Mwishoni mwa Aprili waasi wa Kihutu waliua watu, wengi wao Watutsi, maeneo ya kusini kando ya ziwa. Jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi likajibu kwa kuwafuata Wahutu wenye elimu, walimu, wanafunzi wa sekondari na chuo, makarani, mapadre, wanaitwa majina wanapakiwa kwenye malori. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Yaani kizazi kizima cha waliokwenda shule kikafutwa. Waliopona wakavuka kuja kwetu, wakapewa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakayafyeka, wakalima tumbaku na mahindi, na mwaka 2014 serikali ikakamilisha kuwapa uraia kama watu 162,000 kati yao na watoto wao. Mwenzako uliyesoma nae Tabora au Mpanda inawezekana kabisa ni wa huko na hamjawahi kuongelea. Kijana alisema babake Nkurunziza, yule raisi wa baadae, aliuawa mwaka huo huo, na Ndadaye alikuwa mwanafunzi akakimbilia Rwanda. Mnaona mnyororo unavyokwenda.

Ndadaye sasa. Juni 1993 uchaguzi wa kwanza wa raisi wa vyama vingi, Buyoya anashindwa na anakubali, Ndadaye anaapishwa Julai, Mhutu wa kwanza kuwa raisi. Amekaa miezi mitatu na siku chache. Tarehe 21 Oktoba wanajeshi wanamuua, na wanamuua pia spika wa bunge ambaye kikatiba ndo angeshika nafasi. Ikawa vita mpaka watu kama laki tatu wamekufa kwa miaka kama kumi na mbili. Raisi aliyemfuata, Ntaryamira, alikuwa ndani ya ndege moja na Habyarimana wa Rwanda, tarehe 6 Aprili 1994, wametoka kwenye kikao Dar es Salaam. Dunia nzima inakumbuka ndege ile kwa ajili ya Rwanda, kwamba mlikuwa na maraisi wawili mle ndani watu wanasahau.

Julai 1996 Buyoya anarudi kwa mapinduzi mengine, na wiki haijaisha viongozi wa majirani wanakutana hapa Arusha wanaiwekea Burundi vikwazo, hakuna mafuta, hakuna bidhaa. Shemeji akacheka akasema kule mpakani mafuta yaliendelea kupita usiku kwa vichwa vya watu, "vikwazo vilikuwa vya mchana".

Mazungumzo yakaanza rasmi Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Vyama na makundi 19, fikiria kikao cha harusi chenye makundi 19 ambayo yameuana. Kulikuwa na kamati, moja ya kujadili chanzo cha mgogoro iliongozwa na Guebuza aliyekuja kuwa raisi wa Msumbiji, ya usalama iliongozwa na padre Muitaliano, Zuppi, ambaye siku hizi ni kadinali. Mwalimu akafariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, akaja Mandela, na Mandela hakuwa na subira, aliwasema wale wanasiasa mbele ya watu kama mzazi. Siku ya kusaini alikuja mpaka Clinton. Mji ulifungwa, nakumbuka steshenari tulifunga na bosi akatukata siku ile kwenye mshahara.

Na hapa ndo kijana wetu aliteleza. Alisema waasi walisaini siku ile na vita ikaisha. Sio kweli, na sio kosa dogo. Makundi mawili yaliyokuwa yanapigana hasa msituni, CNDD-FDD na FNL, hayakusaini Agosti 2000. Waliosaini ni vyama, serikali na bunge, tena vingine kwa kusitasita. Vita iliendelea. CNDD-FDD walikubaliana na serikali 2003, FNL wakaja kuweka silaha chini kabisa 2009. Na waliokuja kushinda uchaguzi wa 2005 na kutawala mpaka leo ni hao hao CNDD-FDD ambao hawakuweka saini Arusha. Ukilikosa hilo huwezi kuelewa kilichotokea baadae, kwasababu chama kinachotawala kinauona ule mkataba kama nguo ya kuazima. Nilimwambia pembeni tukiwa tunatembea, wala hakubisha, akatoa daftari akaandika. Nimempa alama kwa hilo daftari.

Alichonimaliza mimi ni vizibo. Alitoa mfukoni kifuko cha vizibo vya soda, akavipanga kwenye benchi ya simenti. Sita vyekundu, vinne vya machungwa: hii ni serikali na bunge, Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi 40. Akaongeza vitatu vya kijani pembeni, viti vya Batwa, ambao ni wachache sana na miaka yote hakuna aliyewahesabu. Akachukua vingine akavipindua, wanawake wasipungue asilimia 30. Akavichanganya akapanga upya tano kwa tano: seneti. Tano kwa tano tena: jeshi na polisi, hakuna kabila kupita nusu. Akasema jeshi ndo lilikuwa moyo wa mkataba wote, maana mtu aliyeona baba yake anapakiwa kwenye lori na wanajeshi hawezi kuamini katiba yoyote mpaka aone aliyeshika bunduki ni mchanganyiko. Uchaguzi ukiisha na hesabu haijatimia wanaongezwa wabunge mpaka vizibo vikae sawa.

Mdogo wangu wa kiume akauliza, wanajuaje nani ni nani, si lugha moja Kirundi, dini zile zile, kilima kimoja? Jibu: unafuata kwa baba, na watu wanajuana. Rwanda wamekataza kabisa kuulizana kabila, Burundi wameandika kwenye katiba na kugawana viti. Jirani wawili, ugonjwa unafanana, dawa zinapingana. Kijana hakusema ipi bora na mimi pia sisemi, ila ile ya vizibo wadogo zangu waliirudia nyumbani mezani kwa punje za maharage na hiyo katika maisha ya mtoto wa kidato cha nne ni muujiza.

Chakula: mgahawa mdogo wa mama mmoja wa Kirundi, viti vya plastiki, redio iko juu. Wali, ndizi za kupika, maharage yameungwa kwa mawese, kisamvu na migebuka ya kukaanga. Maharage na kisamvu nitayarudia kwa hela yangu bila ziara. Samaki amekaangwa mpaka akawa kama ubao, katoka mbali sana yule, kutoka ziwani mpaka huku ni safari ya mchana na usiku na inaonekana alisafiri wima. Shemeji na yule mama waliongea yeye Kiha mama Kirundi bila kukwama popote, tukaongezewa pilipili na sahani ya ziada ya maharage. Kama una mtu wa Kigoma nenda nae.

Sehemu ya mwisho ndo dhaifu. Tulipofika nje ya makao makuu ya Jumuiya, Burundi iliingia 2007 siku moja na Rwanda, kijana akaanza kukimbia. Nkurunziza, mpira wa miguu, maombi, shule ya msingi bure, ndo basi. Mwaka 2015 akaupita kwa sentensi moja, "kukawa na changamoto kidogo". Shemeji hakukubali. Akamwambia kaka, mimi 2015 nilikuwa Kasulu, niliona watu wanaletwa kutoka Kagunga, kule ziwani mpakani, kwa meli ya Liemba, wengine wanaumwa kipindupindu, kambi ya Nyarugusu ikajaa ikabidi wafunguliwe Nduta na Mtendeli, hiyo changamoto kidogo ni ipi?

Kijana akaangalia huku na huku akasema kazi yake ni ya utalii, siasa za sasa anaogopa. Namuelewa kijana, mkate wake. Lakini hela nimelipia historia na historia haiishii pale inapoanza kuwasha. Kwahiyo shemeji na mimi tukamalizia wenyewe pale kwenye mti, tena watoto wawili wa Kenya waliokuwa kwenye kundi wakasogea.

Ilikuwa hivi. Mkataba wa Arusha unasema raisi vipindi viwili basi. Nkurunziza 2005 alichaguliwa na bunge, 2010 na wananchi, 2015 akasema cha kwanza hakihesabiki kwasababu hakikuwa cha kura za wananchi. Mahakama ya katiba ya kwao ikakubaliana nae. Watu wakaingia barabarani Bujumbura. Tarehe 13 Mei viongozi wa Jumuiya wamekutana Dar kuongelea mgogoro huo huo, yeye yuko Dar, nyuma jenerali Niyombare akatangaza kumpindua, ikashindikana ndani ya siku mbili. Uchaguzi ukafanyika Julai akashinda. Watu zaidi ya laki nne wakawa wamekimbia nchi kadiri miaka ilivyokwenda, wengi wao wakaja kwetu. Mzee Mkapa akapewa kazi ya kuwakutanisha tena hapa hapa Arusha kuanzia 2016, haikuzaa kitu. Mwaka 2017 Burundi ikajitoa mahakama ya ICC, 2018 wakapiga kura ya maoni, kipindi cha raisi kikawa miaka saba, makamu wawili wa raisi wakawa mmoja na waziri mkuu akarudishwa. Mgawanyo wa 60 kwa 40 hawakuugusa. Nkurunziza akafariki Juni 2020 miezi kama miwili kabla ya kukabidhi, Ndayishimiye akaapishwa haraka, na waziri mkuu wake wa kwanza, Bunyoni, baadae akaja kufungwa maisha.

Na kitu kilichoniuma ni hiki. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo ofisi zake zimo kwenye jengo lile lile tulilokuwa tumesimama mbele yake, Novemba 2021 kwenye rufaa ilisema kile kipindi cha tatu kilivunja mkataba wa Arusha na mkataba wa Jumuiya. Mwenyewe Nkurunziza wakati huo alikuwa kaburini mwaka na miezi, lakini hukumu ipo. Una ziara inayoitwa ya mambo ya Arusha na Burundi, umewaleta watu mpaka getini, na hilo hulisemi? Wala sio siasa, ni hukumu ya mahakama imeandikwa. Kijana alikuwa hajaisikia. Akaandika kwenye daftari tena.

Walichosahau pia ni maisha ya leo, kahawa, foleni za mafuta za Bujumbura, nikeli ya Musongati, reli ya kisasa inayojengwa kutoka Uvinza kwenda huko. Mfanyabiashara wa hapa angependa kusikia hayo kuliko Kairo na Cape Town.

Alama zangu: kijana 8 kwa 10, angepata 9 kama asingetuambia waasi walisaini. Ramani 2. Vizibo 10. Samaki 3, maharage 9. Mpangilio wa kampuni 5, kwasababu ya nauli, ya ukumbi tusioingia, na risiti ambayo tuliahidiwa kwa wasapu na mpaka naandika haijafika. Kwa jumla ningesema 7, na ningewapeleka wanafunzi hata kesho ila kwa bei ya kundi, ukiwa na watu kuanzia kumi wanashusha, mkae nao mbishane mapema kabla ya kulipa.

Mkienda vaeni viatu vya kutembelea, chukueni mwamvuli kama ni Aprili, na muulize kwanza kama wiki hiyo kuna kikao kikubwa AICC maana kukiwa na maraisi mjini barabara zinafungwa na mtaelezewa yote mkiwa mmesimama kituo cha daladala.